Utii, Ridhaa na Shuruti

Wafasiri wa maandishi ya saikolojia hutumia neno "utii" kila wanapomkuta mtu aliyetenda jambo aliloamriwa. Twaona kwamba matumizi hayo huficha tofauti kubwa. Mfano wa Kasulu na Kibondo utaonyesha jambo hili.

Katika nyanda hizo za juu za Kigoma, Waha walizoea kujenga mbalimbali, kila kaya karibu na shamba lake. Andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini lilisisitiza kwamba mtu asilazimishwe kuingia katika kijiji cha ujamaa. Hata hivyo, Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, na Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Je, wote waliohamia vijijini "walitii"?

Aliyehama kwa kuamini manufaa ya shule, zahanati na maji alikuwa na utii wa ridhaa. Aliyehama kwa kuogopa yatakayompata akikataa alikuwa na utii wa shuruti. Shuruti ikiondoka, utii huo nao huondoka.

Yuko wa tatu, ambaye husahauliwa: mtumishi aliyetekeleza amri. Mwaka 1963 Stanley Milgram wa Marekani alichapisha matokeo ya jaribio lake. Watu 40 waliagizwa kumpiga mwenzao umeme kila alipokosea jibu. Umeme wenyewe haukuwapo, lakini wao hawakujua. Watu 26 walifika volti 450, kiwango cha mwisho, ingawa hawakutishiwa adhabu yoyote. Milgram alieleza kwamba mtu aliye chini ya mamlaka anayoiona kuwa halali huacha kujihesabu mtendaji, akajiona chombo cha mapenzi ya mwingine. Hali hiyo tunapendekeza iitwe "utii wa uwakala". Nao si kifungo kisichofunguka: katika jaribio jingine, washiriki wawili walipokataa kuendelea mbele ya mwenzao, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40.

Basi, kabla ya kuandika "wananchi walitii", mfasiri na mtumishi wa serikali wajiulize ni utii wa aina gani. Kati ya "walihama" na "walihamishwa" pana herufi chache tu. Lakini neno la kwanza humficha aliyetoa amri na aliyeitekeleza, na la pili hudai watajwe.