Sangara hasubiri maabara

Mnofu wa sangara uliokatwa Mwanza unaweza kuwa sokoni Ulaya ndani ya siku mbili tatu. Kipimo cha bakteria wa salmonela kwa njia ya kawaida huchukua siku nne au tano. Majibu yakitoka, samaki keshaliwa.

Si uzembe wa wapimaji. Gramu 25 za mnofu hulowekwa kwenye maji ya peptoni, chakula cha bakteria, zikalazwa kwenye joto la nyuzi 37, kisha bakteria huhamishwa hatua kwa hatua mpaka kwenye sahani nyekundu ya kuoteshea. Vidoa vyenye kitovu cheusi vikichomoza, kazi bado: lazima vithibitishwe.

Ndiyo maana kiwanda hulipia usalama mapema: barafu ianzie ndani ya mtumbwi, maji yatiwe klorini, baridi isiachane na sifuri. Mkaguzi mzoefu huomba daftari la joto kabla hajagusa samaki. Maabara ya serikali ya Nyegezi kazi yake ni kuhakiki kwamba utaratibu huo wote unafuatwa.

Viwanda havikufika hapo kwa hiari. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilikuta salmonela kwenye sangara wa Ziwa Victoria. Mwaka huohuo ukiisha, kipindupindu kikiwa kimezagaa, Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilisema hatari ya kipindupindu kuvuka na chakula cha biashara ni ndogo, lakini zuio lilidumu hadi katikati ya 1998. Kwa maoni yangu lilikuwa na woga zaidi kuliko sayansi. Hata hivyo ndilo lililowafanya wenye viwanda wafungue mifuko.

Mifuko hiyo imeishia kwenye mnofu. Mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki, hukaangwa na kuuzwa mitaani, na sijaona mteja akiulizia cheti. Dagaa nao, chakula cha mamilioni, wengi bado huanikwa mchangani, kuku na mbuzi wakijipitia. Chanja ya miti na wavu huwainua dagaa juu ya kinyesi na kuwakausha upesi, na bakteria hawazaliani pakavu. Gharama yake haikaribii ya maabara. Siku wanunuzi wa jumla wa soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza, wanaopakia magunia ya kwenda Congo, watakapotenga bei ya dagaa wa chanja na ya wa mchanga, waanikaji watahama bila semina.