Jumla tatu, bei tatu

Soko la Kwa Sadala, wilayani Hai, liko kwenye barabara kuu ya Moshi–Arusha. Tuseme wateja watatu wamenunua hapo kwa muuzaji mmoja, kwa bei zilezile, na kila mmoja anakumbuka alichonunua na jumla aliyolipa tu. Je, bei ya kila bidhaa inaweza kujulikana?

Tuite bei ya mkungu wa ndizi n, debe la mahindi h, debe la maharage g. Manunuzi yao yanatupa milinganyo mitatu:

n + h + g = 67,000
2n + 3h + g = 106,000
n + 2h + 2g = 119,000

Kanuni ni kuondoa herufi moja baada ya nyingine. Zidisha mstari wa kwanza kwa 2, upate 134,000, kisha utoe mstari wa tatu. Mahindi na maharage yanatoweka, unabaki mkungu mmoja: n = 15,000. Sasa toa mstari wa kwanza kwenye wa pili: n + 2h = 39,000, hivyo h = 12,000. Rudi mstari wa kwanza: g = 40,000.

Njia hii leo huitwa kwa jina la Mjerumani Carl Friedrich Gauss (1777–1855), lakini Wachina waliijua karne nyingi kabla yake. Kitabu chao cha Sura Tisa, alichokifafanua mwanahisabati Liu Hui mwaka 263, kina swali la miganda ya nafaka ya madaraja matatu, linalotatuliwa hivihivi.

Wengi hushika kwamba visivyojulikana vitatu vinahitaji milinganyo mitatu. Ni kweli, ila haitoshi: kila mlinganyo lazima ulete habari mpya. Mteja wa tatu angenunua maradufu ya wa kwanza na kulipa 134,000, mstari wake usingeongeza kitu, na bei zinazokubalika zingekuwa nyingi zisizo na kikomo.

Na kama kwa mzigo huohuo maradufu angelipa 130,000? Hapo hakuna jibu kabisa, hata ukokotoe mpaka jioni. Hesabu haijakosewa, dhana ya bei moja ndiyo iliyovunjika. Yawezekana alipunguziwa. Basi milinganyo ikigongana, kabla ya kurudia kukokotoa, muulize muuzaji nani alipewa punguzo.