Kwa nini mvua ya mawe huangamiza shamba moja na kuliacha la jirani

WAKULIMA wa viunga vya Eldoret wanazijua vyema dalili zake. Asubuhi huwa na jua kali na anga safi. Ifikapo saa nane mchana, mawingu meupe huanza kupanda upande wa Milima ya Nandi. Muda si mrefu mawingu hayo hugeuka meusi, upepo wa baridi huvuma ghafla, na mabati hulia kana kwamba yanarushiwa kokoto. Mvua inapokatika, ardhi huwa nyeupe.

Weupe huo huwafanya wengi wadhani kwamba theluji imeanguka. Ndivyo walivyoamini wakazi wa Busara, karibu na Nyahururu, mnamo Septemba 2008 walipokuta mlima umefunikwa barafu. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa walieleza kwamba hiyo haikuwa theluji, bali chembe za mvua ya mawe zilizoshikamana.

Tofauti ya vitu hivi viwili ni kubwa. Theluji huanguka polepole na huhitaji baridi kuanzia mawinguni hadi karibu na ardhi. Mvua ya mawe, kinyume chake, huzaliwa na joto. Jua linapochoma ardhi, hewa yenye mvuke hupanda kwa nguvu na kujenga wingu refu la radi. Juu huko, matone ya maji hubaki kimiminika ingawa baridi imekwisha pita kiwango cha kuganda. Yanapogusa chembe ya barafu, huiganda mara moja na kuinenepesha. Upepo unaopanda huendelea kuibeba chembe hiyo hadi iwe nzito mno, ndipo inapoanguka.

Kwa nini basi Eldoret ipate mawe ilhali Mombasa ni nadra kuyaona? Jibu moja ni mwinuko. Katika ukanda wetu wa ikweta, hewa hufikia kiwango cha kuganda karibu mita 4,800 juu ya usawa wa bahari. Jiwe linaloelekea Mombasa hupita katika hewa yenye joto umbali huo wote, na huwa limekwisha kuyeyuka kabla ya kutua. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari. Jiwe husafiri katika joto kwa umbali wa takriban mita 2,700 pekee, hivyo hufika likiwa bado gumu.

Jibu la pili ni Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuelekea nyanda za juu. Upepo huo hupandishwa na miinuko ya Nandi na kukutana na ule utokao mashariki. Hewa hukosa pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu Nandi Hills na Kericho zimejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Katika miaka ya 1960 na 1970, wakuzaji wa majani chai huko walijaribu hata kutumia ndege kunyunyizia mawingu kemikali ili kupunguza ukubwa wa mawe. Mawe yangali yanaanguka hadi leo.

Jambo linalomuumiza mkulima zaidi ni kwamba wingu la namna hii halina usawa. Huangusha mawe yake katika ukanda mwembamba kadiri linavyosogea. Shamba lililo ndani ya ukanda huo hubaki mashina matupu, na la ng'ambo ya barabara husalia kijani.

Hapo ndipo utabiri unapofikia kikomo chake. Wataalamu wanaweza kusema kwamba eneo fulani litapata ngurumo na mvua kubwa alasiri, lakini hawawezi kutaja mapema shamba litakalopigwa.

Bima nayo ina pengo hilo hilo. Mpango wa serikali wa bima ya mazao uliozinduliwa mwaka wa 2016, na kuanza na kaunti za Bungoma, Embu na Nakuru, ulifidia wakulima kwa kutazama wastani wa mavuno ya eneo zima. Utaratibu huo hufaa wakati wa ukame, kwa kuwa ukame huwakumba wote. Aliyepigwa na mawe peke yake anaweza kukosa fidia kwa sababu tu majirani wake wamevuna vyema. Kabla ya kulipia bima yoyote, ni muhimu mkulima aulize kama mvua ya mawe imetajwa, na kama hasara itapimwa shambani mwake au katika eneo zima.

Mawe yakishaanguka, haraka haina baraka. Mahindi machanga, yenye majani yasiyozidi matano au sita, huwa bado yameficha kitovu cha ukuaji chini ya udongo. Yaweza kuchipuka upya hata majani yakichanwa yote, kwa hivyo inafaa kusubiri siku saba hadi kumi kabla ya kuamua kulima tena. Hatari kubwa ni wakati wa kutoa mbelewele, ambao kwa wengi Uasin Gishu huangukia Julai, mvua zikiwa zimepamba moto. Mmea ukipoteza majani wakati huo hauna la kujazia punje.

Na wingu jeusi likionekana upande wa Nandi, mwenye jembe alitue na kurudi nyumbani mapema. Asijikinge chini ya mti, kwani wingu lenye mawe ndilo hilo hilo lenye radi. Mahindi yakiharibika yatapandwa tena mwaka ujao.