Uko Nakuru na hujawahi kupanda Menengai? Soma hii

Rada ya wikendi ni gani? Kama ni kulala na simu hadi saa sita, kisha kuzurura mjini, ngoja kwanza. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na si majiji mengi ambako unaweza kupanda volkeno asubuhi na kuona kifaru jioni.

Menengai

Kutoka upande wa Milimani barabara inapanda tu. Tembea ama panda boda. Ukifika ukingoni, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, ardhi inakatika ghafla mbele yako. Shimo lina ukubwa wa takriban kilomita 12 kwa 8, na sakafu yake iko karibu mita 500 chini. Mvuke unaofuka kule si moshi wa makaa. Ni joto la ardhini, na tangu 2011 visima vimekuwa vikichimbwa humo kwa ajili ya umeme.

Nendeni kikundi, bebeni maji, na usisogee ukingoni kwa sababu ya selfi. Hakuna 'like' inayolipa mguu uliovunjika.

Hyrax Hill

Hapa wengi hupita wakiwa kwenye matatu ya Nairobi bila hata kugeuza shingo. Ni kilomita nne hivi kutoka katikati ya jiji. Mary Leakey alichimbua hapa 1937 na 1938, akapata makaburi na mabaki ya makazi ya kale. Na kama unapenda bao, tafuta mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Kumbe watu walikaa papo hapo zamani wakibishania nani ameshinda!

Ziwa Nakuru

Mbuga hii ya kilomita 188 mraba inapakana na mitaa ya watu. Ndani kuna vifaru weusi na weupe, twiga wa Rothschild, nyati na simba. Lipa kupitia eCitizen kabla ya kutoka nyumbani, na mchange gari ili gharama ipungue, kwa sababu huruhusiwi kutembea kwa miguu ovyo humo.

Lakini usiende ukitarajia ile picha ya ufuo wa waridi uliyoiona kwenye kalenda. Kuanzia miaka ya 2010 maji ya ziwa yalipanda, yakameza lango kuu la zamani na nyumba za watu kule Mwariki. Maji yalipozidi, magadi yalipungua nguvu, na mwani ambao heroe hula ukapungua pia. Wengi wakahamia Bogoria.

Kupanda kwa maji huwezi kukuzuia. Taka je? Mvua ikinyesha, mitaro ya jiji na Mto Njoro hubeba plastiki hadi ziwani. Ile chupa ya soda uliyoitupa dirishani kwenye matatu haipotei. Inaishia pale kiboko anapooga na mwari anapovua.

Kwa hivyo chagua sehemu moja Jumamosi hii. Mkitoka, bebeni mfuko mmoja wa taka zenu, na mwingine wa zile mtakazokuta. Ukirudi mtaani, mwambie rafiki yako ulichoona. Ni vigumu kulinda mahali ambapo hujawahi kukanyaga.