Vimiminika vya Ioni katika Upakaji wa Metali: Kisichotoa Mvuke Si Lazima Kiwe Salama

Kitasa cha mlango kinachong'aa na bomba lisiloshika kutu kwa kawaida vimepita katika beseni la upakaji wa metali kwa umeme. Kifaa kinachopakwa huunganishwa na ncha hasi ya mkondo, yaani kathodi, kisha huzamishwa katika mmumunyo wa chumvi ya metali. Ikiwa metali hiyo ni shaba, mmumunyo huwa ni wa mrututu uliotiwa asidi ya salfuriki. Ioni za shaba, zenye chaji chanya, huvutwa na kathodi, hupokea elektroni, na kuganda juu yake zikiwa metali. Kwa kanuni hiyo hiyo, shaba ya Katanga hutolewa katika mmumunyo na kufanywa mabamba.

Hata hivyo, umeme haugawanyiki sawasawa. Mkondo hukusanyika zaidi kwenye vinundu kuliko mabondeni. Hivyo kinundu huzidi kukua na uso huwa wa kukwaruza. Viputo vya hidrojeni navyo huacha vishimo. Ili kuzuia kasoro hizo, mafundi huongeza viambato kwa kiasi kidogo sana, na kwa shaba kimojawapo kilichozoeleka ni thiourea.

Thiourea si ngeni kwa matabibu. Huizuia tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, kutengeneza homoni zake. Mwaka 1943 daktari Edwin Astwood wa Marekani alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa ambao tezi zao zilizalisha homoni kupita kiasi. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na dawa za jamii yake zenye madhara machache zaidi. Kitu kilichowahi kuwa dawa ya tezi iliyozidi nguvu hakifai kuingia kila siku katika mwili wa fundi mwenye tezi nzima. Isitoshe, thiourea huvunjika ndani ya beseni na kuichafua metali kwa salfa.

Miongoni mwa viambato vinavyochunguzwa kuchukua nafasi hiyo ni vimiminika vya ioni. Hivi ni chumvi zinazoyeyuka chini ya nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Siri yake ni umbo: ioni zake ni kubwa na hazina ulinganifu, hivyo hushindwa kupangana vizuri katika fuwele. Paul Walden alieleza chumvi ya namna hiyo mwaka 1914, inayoyeyuka kwenye nyuzi 12 tu.

Watafiti wa Kunming, nchini China, walijaribu chumvi ya imidazoliamu yenye mkia wa kaboni nne, uitwao butili, katika mimumunyo ya zinki na ya shaba. Miligramu chache kwa lita zilitosha kuulainisha uso wa metali. Ioni hiyo, kwa kuwa ina chaji chanya, hunata juu ya vinundu vyenye mvuto mkubwa zaidi na kuviziba kwa muda. Metali hulazimika kujaza mabonde kwanza.

Kwa kuwa vimiminika hivi havitoi mvuke kwa urahisi, vimesifiwa kuwa rafiki wa mazingira. Sifa hiyo ipokewe kwa tahadhari. Viputo vinavyopasuka juu ya beseni hurusha matone madogo mno, na matone hayo hubeba chochote kilichomo, kiwe kinatoa mvuke au la. Ngozi na maji taka ni njia nyingine. Aidha, kadiri mkia wa kaboni unavyorefuka, ndivyo ioni inavyofanana na sabuni na kuweza kupenya na kuharibu utando wa seli.

Mfano mzito umetoka Newcastle, Uingereza. Watafiti wa huko walikuta katika udongo wa karibu na jaa la taka ioni ya imidazoliamu yenye mkia wa kaboni nane. Katika maabara iliua seli changa za ini. Mwili unapoibadilisha, hutokea kiini kinachoweza kushika nafasi ya asidi ya lipoiki katika kimeng'enya cha mitokondria. Na kimeng'enya hicho ndicho kinachoshambuliwa na kinga ya mwili katika ugonjwa mmoja sugu wa mirija midogo ya nyongo. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yanaleta dhana tu. Hayathibitishi kwamba ioni hiyo husababisha ugonjwa, wala hayasemi kwamba ilitoka kwenye beseni la upakaji.

Funzo lililopo ni la uteuzi. Mkia mfupi hupendelewa kuliko mrefu, kiasi kidogo kuliko kikubwa, na majitaka husafishwa kabla ya kumwagwa. Fundi avae glavu na miwani, na beseni liwe na kivuta hewa. Tabibu naye, anapompokea mgonjwa wa ini au wa tezi, asisahau kumuuliza anafanya kazi gani na anashika nini kwa mikono yake.