"Last Tango in Paris": Kwa nini filamu ya mwaka 1972 bado inazua mzozo Ufaransa?

Mwezi Desemba 2024, Cinémathèque française, taasisi ya jijini Paris inayohifadhi na kuonyesha filamu za kale, ilifuta onyesho la filamu "Last Tango in Paris" lililopangwa kufanyika tarehe 15. Taasisi hiyo ilisema inahofia usalama. Watetezi wa haki za wanawake walikuwa wamelalamika kwamba filamu hiyo ingeonyeshwa bila watazamaji kuelezwa yaliyompata mwigizaji wake wa kike, Maria Schneider.

Filamu hiyo ya Mwitaliano Bernardo Bertolucci inamhusu Mmarekani wa makamo ambaye mkewe amejiua. Anakutana na msichana wa Kifaransa katika nyumba tupu ya kupangisha, nao wanaanza uhusiano wa kimapenzi kwa sharti kwamba wasitajiane hata majina. Marlon Brando, aliyeigiza mwanamume huyo, alikuwa na umri wa miaka 48. Schneider alikuwa na miaka 19, na jina lake halikujulikana na wengi.

Ilipoonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la New York, Oktoba 14, 1972, mhakiki Pauline Kael wa jarida la The New Yorker aliifananisha siku hiyo na ile ya mwaka 1913 ambapo muziki wa Stravinsky ulizusha ghasia mjini Paris. Sifa hizo zilikuwa nzito kiasi kwamba wasambazaji wa filamu waliuchapisha uhakiki wake kama tangazo la biashara. Brando na Bertolucci waliteuliwa kuwania tuzo za Oscar. Schneider hakuteuliwa.

Nchini Italia mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1976 mahakama ya juu iliamuru nakala za filamu ziharibiwe kwa kuwa zinakiuka maadili, na Bertolucci akapokonywa haki ya kupiga kura kwa miaka mitano. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1987. Hivyo kwa muda mrefu waliokuwa wakivutana ni wale walioiita filamu hiyo sanaa na wale walioiita uchafu, na pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia kile kinachoonekana kwenye skrini.

Swali la kilichotendeka wakati wa kupiga picha lilichelewa kusikilizwa, ingawa Schneider mwenyewe hakukaa kimya. Katika mahojiano ya mwaka 2007 alisema kuwa tukio la ubakaji katika filamu hiyo, kwa namna lilivyofanyika, halikuwa katika maandishi ya awali na kwamba aliarifiwa muda mfupi tu kabla ya kuliigiza. Kitendo kilikuwa cha kuigiza, alieleza, lakini machozi yalikuwa ya kweli, na alijihisi amedhalilishwa na wanaume wote wawili. Alifariki dunia mwaka 2011.

Miaka miwili baadaye Bertolucci alikiri kuwa yeye na Brando walimficha kwa makusudi jinsi siagi ingetumika katika tukio hilo, kwa sababu alitaka aone fedheha ya msichana na si ya mwigizaji. Alisema anajihisi mwenye hatia, ila hajuti. Kanda ya maneno hayo iliposambaa mwaka 2016 na kuzua hasira, alijitetea kwamba Schneider alifahamu kuwepo kwa tukio lenyewe na kwamba kilichofichwa ni siagi peke yake. Utetezi huo haukukanusha jambo la msingi, yaani kuwa alichofanyiwa mbele ya kamera hakukiridhia chote.

Mwezi Mei 2024, filamu "Maria" ya mwongozaji wa Kifaransa Jessica Palud ilionyeshwa katika tamasha la Cannes. Imetokana na kitabu cha Vanessa Schneider, binamu wa marehemu. Ndani yake tukio lile lile linarudiwa, safari hii kamera ikibaki kwa msichana, huku watu waliomzunguka wakiendelea na kazi zao.

Baadhi ya waliopinga onyesho la Paris hawakudai filamu ya Bertolucci ifungiwe. Walichotaka ni kwamba kabla ya taa kuzimwa, mtu asimame na kuwaeleza watazamaji habari za Schneider.