Kifafa Hakiambukizwi kwa Mate: Yaliyogunduliwa na Watafiti

Leo nimeshika kalamu ili nieleze habari za ugonjwa ambao wengi wetu tunauogopa sana, ilhali hatuujui. Ugonjwa wenyewe ni kifafa. Wahenga walisema kuwa asiyejua maana haambiwi maana, lakini katika jambo hili mimi naona afadhali tuambiane.

Muhula wa pili mwaka huu, alasiri moja baada ya chakula cha mchana, mwenzetu mmoja alianguka ghafla darasani. Mwili ulikakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kutupika, na povu likamtoka mdomoni. Mmoja wetu akapiga kelele, "Msimguse! Mate yake yakikupata, na wewe umekwisha!" Basi darasa lote likatoka mbio. Mimi niliyekuwa nikikaa naye dawati moja nilikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Jumatatu iliyofuata nilihamisha vitabu vyangu nikaenda kukaa nyuma. Hakuna aliyenituma.

Mwalimu wetu wa baiolojia aliliona jambo hilo. Akaniita kando, akaniuliza, "Ni nani aliyekuambia kuwa mate yanaambukiza?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesikia tu, kama wengine walivyosikia. Akasema, "Basi nenda ukatafute, kisha uwaandikie wenzako." Makala haya ndiyo kazi niliyopewa. Mwenzangu huyo nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika, naye akakubali, ila jina lake nimeliacha.

KIFAFA NI NINI?

Ubongo wetu umejaa chembe nyingi mno zinazopashana habari kwa umeme mdogo sana. Ukitaka kuinua mkono, chembe fulani hutuma umeme, nyingine zikanyamaza. Ni kama darasa lenye nidhamu: mmoja akizungumza, wengine wanasikiliza. Sasa fikiria darasa zima limepiga kelele kwa wakati mmoja. Hakuna linalosikika. Hivyo ndivyo inavyokuwa mtu akishikwa na kifafa. Chembe nyingi hutoa umeme kwa pamoja bila mpango, na mwili hufuata fujo hiyo. Baada ya dakika chache kelele hukoma, naye mgonjwa huamka amechoka, hajui lililotokea.

Si kila kifafa ni cha kuanguka. Wengine hukodoa macho tu kwa muda mfupi, wasijibu wakiitwa, na mwalimu akadhani wanaota ndoto za mchana. Tena, mtu aliyeanguka mara moja tu kwa sababu ya homa kali haitwi mgonjwa wa kifafa. Degedege la mtoto mwenye homa ni jambo jingine.

Jambo hili la ubongo si geni. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, waganga wa Wagiriki waliomfuata Hippocrates waliandika kuwa ugonjwa huu hautokani na miungu bali na ubongo. Mwaka wa 1929 daktari Mjerumani Hans Berger alitangaza kuwa ameweza kuupima umeme wa ubongo wa binadamu kwa kubandika vipimo kichwani. Tangu hapo madaktari wanaweza kuiona ile fujo ikichorwa kwenye karatasi. Hakuna pepo aliyewahi kuonekana humo.

WATAFITI WALIFANYAJE?

Nilidhani utafiti wote hufanywa Ulaya. Kumbe mmoja wa tafiti kubwa za kifafa ulifanywa hapa hapa Kenya, kule Kilifi, ambako taasisi ya KEMRI na shirika la Wellcome Trust la Uingereza wana kituo tangu mwaka wa 1989. Kilifi haikuwa peke yake. Waliungana na Ifakara nchini Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana, na Agincourt nchini Afrika Kusini. Mayuge, kwa taarifa yenu, iko ukingoni mwa ziwa letu hili hili.

Kwanza walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna mtu anayeanguka. Waliosema ndiyo waliulizwa maswali zaidi. Mwishowe waliobaki walionwa na daktari. Jumla ya watu waliochunguzwa ilikuwa 586,607, na 1,711 kati yao walipatikana kuwa na kifafa cha kuanguka ambacho bado kinawasumbua. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2013. Kwa hesabu yao, Kilifi ilikuwa na wagonjwa karibu 8 katika kila watu 1,000, na Ifakara karibu 15. Kama sisi tungekuwa sawa na Kilifi, basi shule ya wanafunzi 500 ingekuwa na wanne. Kwa hiyo mwenzetu si kioja. Huenda yupo mwingine anayeficha.

Kisha wakaja kwenye swali kubwa: kwa nini huyu anaanguka na yule haanguki? Walichukua wagonjwa, wakachukua na watu wasio wagonjwa wa sehemu zile zile, wakawauliza wote maswali sawa na kuwapima damu. Jambo lililoonekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wengine liliitwa kihatarishi, yaani jambo linaloongeza hatari.

Hapa tuwe waangalifu. Mvua ikinyesha Manyatta, njia hujaa matope na watu huvaa gambuti. Mgeni akiona hivyo anaweza kusema gambuti ndizo zinazoleta matope! Mambo mawili yakionekana pamoja, si lazima moja liwe limelizaa lingine. Ndiyo maana mtafiti hachoki kuuliza: je, kuna mvua ambayo sijaiona?

WALIGUNDUA NINI?

Kwa watoto, kihatarishi kikubwa kilikuwa shida wakati wa kuzaliwa. Watoto ambao baada ya kuzaliwa walishindwa kulia, kupumua au kunyonya vizuri, uwezekano wao wa kuwa na kifafa ulikuwa takriban mara 10 ya wenzao. Ubongo ukikosa hewa hata kwa dakika chache hupata jeraha, na jeraha hilo huweza kuleta fujo ya umeme miaka mingi baadaye. Ndiyo sababu mama anahimizwa kuhudhuria kliniki na kujifungulia hospitalini.

Jambo lingine ni kuumia kichwa, ambalo lilikaribia kuongeza hatari mara mbili kwa watoto. Hapo niliwaza juu ya bodaboda zetu za Kondele zinazobeba wanafunzi watatu bila kofia hata moja.

Kwa watu wazima, waliowahi kulazwa hospitalini kwa malaria au homa walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili. Hili linatuhusu sana, maana kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine zote za Kenya. Malaria kali ikipanda kichwani, chembe za damu zenye vijidudu hunata katika mishipa midogo ya ubongo. Mgonjwa hupoteza fahamu na kutupatupa. Wengi hupona, lakini baadhi yao hubaki na kovu ndani ya ubongo. Kwa hiyo chandarua si cha kuzuia homa ya wiki moja tu. Hata chanjo ya malaria iliyozinduliwa Homa Bay mwezi wa Septemba 2019, baada ya kujaribiwa kwa watoto wa sehemu kama Siaya, Kombewa na Kilifi, nayo husaidia kupunguza malaria kali.

Halafu kuna minyoo. Tegu wa nguruwe alionekana kuongeza hatari mara 7 kwa wale walioanza kuanguka wakiwa watu wazima. Wengi husema, "Mimi sili nguruwe, hainihusu." La hasha! Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo chake. Mtu mwingine akiyameza mayai hayo kwa mikono michafu au kwa mboga isiyooshwa, funza huweza kusafiri hadi ubongoni. Kwa hiyo asiyekula nguruwe pia anaweza kuugua, kama jirani yake hana choo.

Watafiti walitaja pia vijidudu vya paka, minyoo ya mbwa, na minyoo ya upofu inayoletwa na usubi wa mitoni. Huku kwetu Nyanza usubi huo uliangamizwa kwa dawa ya DDT katika miaka ya 1940 na 1950, sehemu kama Kodera. Lakini kule Mahenge, Tanzania, umesumbua watu kwa muda mrefu. Huko ndiko daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikoanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa katika miaka ya 1960, wakati ambapo wengi walikuwa wametengwa na jamaa zao.

JE, SI UGONJWA WA KUAMBUKIZA BASI?

Msomaji mwerevu atauliza, "Kama malaria na minyoo vinaleta kifafa, si basi kinaambukiza?" Swali zuri. Jibu ni hapana. Malaria huenezwa na mbu, na mayai ya tegu hutoka chooni. Kifafa chenyewe ni kovu au hitilafu inayobaki ubongoni. Kovu halirukii mtu mwingine. Mate ni mate tu, yametoka kwa wingi kwa sababu mgonjwa hawezi kumeza. Ukimshika huambukizwi kifafa, kama vile ukimshika aliyevunjika mguu wako hauvunjiki.

DAWA IKO

Ajabu ni kwamba dawa ya kifafa ni ya zamani. Dawa iitwayo fenobabitali ilianza kutumiwa kwa ugonjwa huu mwaka wa 1912, nayo ni ya bei nafuu. Zipo nyingine zilizoifuata. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa duniani kuna wagonjwa wapatao milioni 50, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Lakini utafiti mwingine wa Kilifi, wa mwaka wa 2012, ulionyesha kuwa zaidi ya wagonjwa 6 katika kila 10 hawakuwa wakipata matibabu ipasavyo. Sababu zilikuwa kama vile umbali wa hospitali, gharama, na imani kuwa ni mambo ya mizimu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa asiyetumia dawa anaweza kuangukia jiko la makaa, au kuanguka mtumbwini akiwa peke yake ziwani. Wala dawa haikatizwi ghafla eti kwa kuwa mtu amejisikia nafuu, maana kifafa huweza kurudi kwa nguvu. Dawa hubadilishwa na daktari tu.

MWENZAKO AKIANGUKA UFANYEJE?

Usikimbie kama nilivyokimbia mimi. Fuata haya:

1. Ondoa madawati na vitu vigumu karibu naye. Weka sweta chini ya kichwa chake na ulegeze tai.
2. Usimshike kwa nguvu kuzuia mikono na miguu isitupike.
3. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika.
4. Mgeuze alale kwa ubavu ili mate yatoke nje na apumue vizuri.
5. Usimpe maji wala kumwagia maji, na usimnusishe kiatu wala kitunguu.
6. Tazama saa. Ikipita dakika 5 bado anatupika, au akirudia tena kabla hajapata fahamu, au ameumia, apelekwe hospitalini mara moja.
7. Kaa naye mpaka azinduke, na uwatawanye wanaotazama kama sinema.

TAMATI

Nilipomaliza kusoma haya yote nilirudisha vitabu vyangu kwenye dawati la zamani. Mwenzangu alinitazama, akasogea kunipisha nafasi, akaniuliza kama nimefanya hesabu za Jumanne. Baadaye nilimuuliza ni jambo gani angependa niwaandikie. Nilidhani atataja dawa anayomeza kila siku. Akasema, "Waambie siku ile nilipozinduka, kilichoniuma si kichwa. Ni kwamba darasa lilikuwa tupu."

Ndugu zangu, akianguka tena mtu, tusiliache darasa tupu.